Cc 3 ni kipimo cha ndama, si cha mbwa wako

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi:

"Habari za kazi, dokta. Nina mbwa dume wa miaka 3, mchanganyiko wa German shepherd na wa kienyeji, nakadiria ana kilo 30. Ana kupe wengi. Wiki hii anachechemea, leo mguu huu kesho ule, na chakula anakinusa tu anakiacha. Duka la dawa za mifugo wameniuzia ivermektini ya chupa, wakaniambia nimchome cc 3. Jirani naye kanipa diklofenaki za maumivu. Nina na paka jike, ana mafua na mwili wa moto, nilitaka kumpa nusu Panadol. Ndani kuna doksisaiklini alizobakisha mume wangu. Naomba unipangie kipimo cha kila dawa."

Dada yangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuchoma. Naanza na lile lisilosubiri: paka usimpe Panadol. Usimpe nusu, usimpe robo, wala ile ya maji ya watoto. Kama ulishampa kabla ya jibu hili kukufikia, acha kusoma, mchukue paka pamoja na paketi ya dawa, nenda kwa daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama paka anaonekana mzima.

Nasema hivyo kwa sababu ini la paka halikuumbwa kama letu. Sisi tukimeza parasetamoli, ndiyo dawa iliyo ndani ya Panadol, ini huifunga na kuitoa kwa njia ya mkojo bila madhara. Paka ana upungufu mkubwa wa kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Dawa inabaki inazunguka, inageuka sumu, na sumu hiyo inashambulia chembe nyekundu za damu hadi zishindwe kubeba oksijeni. Paka anavuta hewa, lakini hewa haimfikii mwilini. Sumu imewahi kuonekana kwa paka waliopata miligramu 10 tu kwa kila kilo ya uzito. Sasa piga hesabu: kidonge cha Panadol kina miligramu 500, nusu yake ni 250. Paka wa kilo tatu na nusu akimeza nusu hiyo amepata zaidi ya miligramu 70 kwa kila kilo, yaani mara saba ya kiwango kinachoweza kumdhuru.

Nimempokea paka wa namna hiyo. Aliletwa asubuhi, akiwa amepewa nusu kidonge saa mbili usiku na mtu aliyempenda kwelikweli. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamebaki mistari, nyayo nazo zimevimba. Nikamfunua mdomo, fizi ambazo zingekuwa na rangi ya waridi zilikuwa za kahawia. Nilipomtoa damu na kuidondosha kwenye kitambaa cheupe, ilikaa pale na rangi ya kahawa, haikuwa nyekundu. Hali hiyo ina dawa yake, asetilsisteini, ileile ambayo kwa binadamu hutumika kulainisha makohozi. Huanzwa kwa miligramu 140 kwa kilo, kisha 70 kila baada ya saa 6, kwa awamu kadhaa. Lakini inasaidia sana ikiwahi ndani ya saa chache za mwanzo. Yule wangu alikuwa amekaa saa 12.

Sasa tuje kwa mbwa na ile chupa ya ivermektini.

Soma kibandiko chake. Karibu chupa zote za sindano zinazouzwa kwenye maduka yetu zimeandikwa asilimia 1. Maana yake, kila cc moja ina miligramu 10 za dawa. Kipimo cha ng'ombe ni cc 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Kwa hiyo cc 3 ulizoambiwa ni kipimo cha ndama wa kilo 150. Ukimchoma mbwa wa kilo 24 (nahesabu kwa 24, si 30 ulizokadiria, na sababu nitaieleza mbele), amepata miligramu 30, ambazo ni miligramu 1.25 kwa kila kilo: zaidi ya mara sita ya kiwango cha ng'ombe. Kwa hesabu hiyohiyo ya ng'ombe, mbwa huyo angestahili chini kidogo ya nusu cc.

Niwe mkweli: mbwa wengi wa kienyeji wangechomwa hizo cc 3 wakaishi, na ndiyo maana muuzaji ana ujasiri wa kuzitaja. Ameona wengi wakipona. Lakini wako mbwa ambao ivermektini huwaingia ubongoni. Kwenye mishipa ya damu ya ubongo kuna kitu mfano wa pampu, kazi yake ni kuzirudisha nje dawa zinazotaka kupenya. Mwaka 2001 Katrina Mealey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, walionyesha kwamba mbwa aina ya collie wanaozidiwa na ivermektini wana kasoro katika jeni la pampu hiyo, jeni liitwalo MDR1. Kasoro hiyo imeonekana pia kwa baadhi ya German shepherd. Mbwa wako ana damu ya shepherd, na hakuna anayeweza kumtazama kwa macho akajua kama pampu yake ni nzima. Mwenye kasoro hii anaweza kuzidiwa hata na kipimo kidogo kuliko cha ng'ombe: anayumba kama mlevi, mboni zinapanuka, mate yanamtoka, anatetemeka, haoni, kisha anazimia na anaweza kulala hivyo siku kadhaa. Hakuna dawa maalumu ya kuifuta ivermektini ikishaingia ubongoni. Tunampa maji ya mshipa, tunamgeuza ubavu, tunamtunza macho yasikauke, tunasubiri.

Na kubwa kuliko yote ni kwamba, hata ukipima sawasawa, ivermektini ya sindano si dawa ya kutegemea kwa kupe wa mbwa. Ina kazi yake kwenye ukurutu unaoletwa na utitiri wa ngozi, na huko pia hupangwa na daktari. Kwa kupe ungemhatarisha mbwa na kupe wabaki palepale masikioni.

Kwa kupe kuna njia zinazofanya kazi. Wenye uwezo hununua kidonge cha kutafuna cha Bravecto, ambacho humlinda mbwa kwa kama wiki 12, au NexGard cha kila mwezi. Hivyo huuzwa kwa viwango vya uzito, na mbwa aliyewahi kupata degedege asipewe bila daktari kujua. Wengine hutumia amitrazi, ile ya kuogeshea ng'ombe. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 12.5, huchanganywa cc 2 kwa lita moja ya maji, si kwa kukisia na kizibo cha chupa. Mbwa asiwe na vidonda, asiwe mtoto wa chini ya miezi minne, aoshwe kwanza kwa sabuni, kisha apakwe na aachwe akauke bila kujilamba. Akilegea, mapigo ya moyo yakapungua na mwili ukapoa, amezidiwa. Lakini kwa hali ya mbwa wako leo, mnyonge na hali chakula, usimwogeshe na dawa yoyote mpaka apimwe. Kwa sasa toa kupe kwa kibano mmoja mmoja, shika karibu na ngozi, vuta polepole, watumbukize kwenye spiriti.

Nimesema apimwe, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko penginepo.

Mbwa mwenye kupe wengi, anayechechemea mguu huu leo na ule kesho, asiyekula, kwa macho yangu si mbwa aliyeteguka. Aliyeteguka huchechemea mguu mmoja na chakula anakula. Dalili ulizoeleza zinanipeleka kwenye homa ya kupe, hasa vijidudu viitwavyo Ehrlichia, vinavyoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, ambao pwani yetu wamejaa. Ugonjwa huo huuma viungo, na hupunguza chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akikatika. Mfunue tumbo, tazama sehemu isiyo na manyoya na fizi zake: ukiona vidoa vyekundu kama ameumwa na mbu, hiyo ni damu inayovuja chini ya ngozi.

Sasa tuseme mbwa huyo umempa diklofenaki. Dawa hii hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, na mbwa ni mwepesi mno wa kupata vidonda vya tumbo kutokana nayo kuliko sisi. Ameshakosa chembe za kuzuia damu, halafu unamfungulia kidonda tumboni. Utaona kinyesi cheusi kinachonata kama lami, na hapo ameshatoka damu nyingi ndani. Kwa hiyo vidonge vya jirani virudishe na shukrani. Ibuprofeni nayo ni hivyohivyo, na paka hudhurika nayo kwa urahisi zaidi kuliko mbwa.

Utaniuliza, basi mbwa akiumwa apewe nini? Zipo dawa za maumivu za mbwa, mfano meloksikamu: miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Kwa mbwa wa kilo 24 ni miligramu 4.8, halafu 2.4. Kidonge cha meloksikamu cha binadamu kina 7.5 au 15. Ukimpa kidonge kizima cha 7.5 kila siku, kuanzia siku ya pili unampa mara tatu ya haki yake. Wala isichanganywe kamwe na deksamethasoni au prednisoloni, dawa ambazo watu wengi huwachoma mbwa "ili achangamke". Na haifai kwa mbwa asiyekunywa maji, mwenye ugonjwa wa figo, au anayeshukiwa kutokwa damu. Ndiyo maana sikuandikii cheti chake leo. Kupangiwa dozi kabla ya kujua ugonjwa ni kubahatisha, hata namba ikiwa sahihi.

Doksisaiklini za mume wako ndizo zilizo karibu zaidi na ukweli, kwa sababu kama ni Ehrlichia kweli, dawa yake ndiyo hiyo. Kipimo cha kawaida ni miligramu 10 kwa kilo kwa siku, kwa siku 28. Mbwa wa kilo 24 anahitaji miligramu 240 kwa siku, wiki nne mfululizo. Hesabu kapsuli zilizobaki: ziko ngapi? Tano? Sita? Zikiwa na miligramu 100 kila moja, hata sita ni za siku mbili na nusu tu. Mbwa atachangamka, utafurahi, dawa itaisha, vijidudu vitabaki vimejificha mwilini, na baada ya miezi vinaweza kurudi vikiwa vimekalia uboho. Homa ya kupe ina sura nyingine pia, ya Babesia, ambayo doksisaiklini peke yake haiitoshi. Mkojo huwa mwekundu au wa kahawia na fizi zinapauka. Hiyo hutibiwa kwa sindano. Wapo wanaoichoma kwa Berenil ya ng'ombe kwa kukisia. Tafadhali, hiyo usimruhusu mtu: kwa mbwa, nafasi kati ya dozi ya Berenil inayoponya na ile inayoharibu ubongo ni nyembamba mno. Tone la damu chini ya darubini, au kile kipimo cha haraka cha kliniki, litakuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Naona kila hesabu niliyofanya imesimama juu ya kilo, na wewe umeandika "nakadiria". Kila wiki nakutana na mbwa wa "kilo 30" ambaye mizani inamtaja kuwa na 22. Manyoya ya shepherd yanadanganya. Mbwa mkubwa mbebe, panda naye kwenye mizani ya watu, kisha panda peke yako, toa. Akiwa mzito, nenda kwa muuza nafaka, mizani yake ya kulaza magunia inamtosha mbwa na haina hila. Paka mtie kwenye kikapu chenye mfuniko, mpime kwa mizani ya kuning'inia, kisha pima kikapu kitupu. Kitoto cha paka mpeleke dukani kwenye mizani ya sukari, kwa sababu kwake gramu 200 ni nusu ya mwili. Andika uzito na tarehe ukutani jikoni. Usiku wa dharura hutaanza kutafuta mizani.

Kitu cha pili ni bomba la sindano lenyewe. Bomba la cc 5 lina mistari ya cc 0.2, hivyo nusu cc inakaa hewani kati ya mstari na mstari, na mkono ukitetemeka umeshazidisha. Dozi yoyote chini ya cc 1 ivute kwa bomba la cc 1. Na hapa kuna mtego: mabomba mengi ya cc 1 yanayouzwa famasi ni ya insulini, yameandikwa 10, 20, 30 mpaka 100. Hizo si cc, ni yuniti. Yuniti 100 ndiyo cc 1, kwa hiyo yuniti 10 ni sehemu moja ya kumi ya cc. Nimeona mtu ameandikiwa 0.3, akasoma 3, akachukua bomba kubwa kwa kuwa dogo "halitoshi". Ukiona dozi uliyoandikiwa haitoshi kwenye bomba ulilopewa, simama, piga simu uulize. Dawa za maji nazo zipime kwa bomba lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, changu na chako si kimoja.

Nirudi kwa paka, nisimwache nusu. Mafua ya paka mara nyingi ni ya virusi, na kazi yako kubwa ni kumfanya ale. Paka akiziba pua hanusi, asiponusa hali, na paka asiyekula kwa siku mbili au tatu, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta. Chemsha maji, yapoe, tia chumvi kidogo, umpanguse pua na macho kwa pamba. Mfungie bafuni kwenye mvuke wa maji ya moto dakika kumi. Mpe dagaa au samaki aliyepashwa moto kidogo, harufu ipande. Asipokula kesho, au akipumua kwa mdomo wazi, apelekwe kliniki.

Ikiwa daktari atampa doksisaiklini naye, kuna jambo watu hawaambiwi. Kapsuli kavu hukwama kooni kwa paka, na doksisaiklini ikikaa hapo huunguza mpaka koo linapona kwa kovu na kubana. Baada ya kila kidonge mnyweshe cc 5 au 6 za maji kwa bomba, polepole, pembeni ya mdomo, au mpe tonge la chakula laini juu yake. Na kwa kuwa una mbwa wa kuogeshwa hapo nyumbani, paka asilale naye mpaka manyoya yakauke kabisa. Dawa za kupe zenye permetrini, sipametrini na ndugu zake, na hiyo amitrazi, si za paka. Sumu humwingia kupitia ngozi, na pia akijilamba manyoya. Akianza kutikisika masikio na ngozi ya mgongo, kisha mwili mzima, mwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge taulo, kimbia naye kliniki.

Na ikitokea siku mmoja wao amekula dawa isiyo yake, najua maziwa ndiyo yatakayokuja kwanza akilini, maana tumelelewa hivyo. Maziwa hayaondoi sumu. Mafuta ya kupikia yanaweza kuharakisha baadhi ya sumu kuingia mwilini, au yakaingia mapafuni. Chumvi ya kumtapisha inaweza kumuua yenyewe. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa tunaoutumia kliniki. Kinachotusaidia ni muda na paketi: ameingiza nini, kiasi gani, saa ngapi. Mbwa aliyeletwa ndani ya saa mbili mara nyingi naweza kumtapisha salama. Baada ya hapo dawa imeshapita.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri, uliza daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Ofisa mifugo ni mtu wa msaada mkubwa, lakini kwa damu ya mbwa huyu unamhitaji daktari. Mwambie: kupe, anachechemea kwa kuhama mguu, hali chakula, ana damu ya shepherd, hajachomwa kitu. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani. Mbwa asipewe chochote leo isipokuwa maji na chakula atakachokubali. Ile chupa ya ivermektini ichukue uende nayo, pamoja na diklofenaki na zile kapsuli, uziweke zote mezani kwake. Na ukishajua kilo zake na majibu ya damu, niandikie tena, tupige hesabu pamoja.